Mrejesho: betri ya lithiamu ya 100Ah niliyonunua Mtwara, miezi minane sasa

Wakuu habari, niliahidi ntaleta mrejesho nikishaitumia vya kutosha, sasa miezi minane imepita naona naweza kuongea. Mi nina saluni ya kiume huku Ruangwa, Lindi, mashine za kunyolea tatu, feni, tv na taa, na umeme ukikatika mteja yuko kwenye kiti na kichwa kimeshanyolewa upande mmoja, hiyo aibu anaijua aliyekaa kwenye hii kazi. Betri ya maji niliyokuwa nayo haikumaliza hata miaka miwili, kwahiyo nikajikusanya nikashuka Mtwara mjini kwenye duka moja la vifaa vya sola, laki saba na nusu, nikaondoka nayo.

Betri yenyewe nyota tano, sina la kupunguza. Ile ya zamani tuliishusha kwenye gari watu wawili, hii nimeiweka begani peke yangu. Ni seli nne za volti 3.2 zimeungwa ndo unapata 12.8, ukizidisha na 100Ah una kama yuniti moja na robo ya umeme, na karibu zote unazitumia, wakati betri ya maji ukivuka nusu kila siku unaiua mwenyewe. Juzi umeme ulikata saa mbili asubuhi ukarudi magharibi na nimenyoa watu siku nzima, feni inazunguka.

Duka nyota tatu. Muuzaji mkarimu, waranti kaandika kwenye risiti, ila hakuniuliza natumia kontrola gani, kile kifaa kinachosimamia chaji ya sola kuingia kwenye betri. Yangu ilikuwa bado imesetiwa ya betri ya maji, ikawa kila baada ya siku kadhaa inapandisha volti juu ya inachotaka lithiamu, betri inajikata yenyewe ghafla kila kitu kinazima. Wiki mbili najua nimeuziwa mbovu. Nikapiga simu naambiwa ilete, nauli na siku mbili bila kazi hawazihesabu. Aliyeniokoa ni fundi wa hapahapa, mzee mmoja wa redio, akabonyeza vitufe akaweka upande wa lithiamu, dakika tano. Hiyo mpaka leo haijarudia.

Huyo mzee ndo kanifanya niandike hivi virefu. Alikuwa na betri kama yangu imekufa, akaifungua tuone. Ndani seli nne zimevaa nailoni ya bluu, vipande vya shaba juu, na kibao kimoja cha umeme chenye nyaya nyembamba, hicho ndo kinachokata na kuwasha. Akaniambia "mwanangu, upande mmoja wa kila seli humo ndani ni kinywe." Kinywe, yaani grafiti! Kinachochimbwa hukuhuku wilayani kwetu, kile ukikisugua kidoleni kinateleza na kuacha weusi kama penseli. Betri ya ukubwa wangu ina kilo moja na ushee ya kinywe. Kinatoka Ruangwa kimesagwa na kuchenjuliwa kiko kwenye magunia makubwa, halafu huko nje kinafinyangwa vipunje vya mviringo, kinasafishwa mpaka 99.95 kwa mia, ndo kinaingia kwenye seli, na sehemu kubwa ya hiyo kazi inafanyika China. Mwaka 2023 Wachina walivyotangaza kinywe chao hakitoki bila kibali, dunia nzima ikashtuka.

Watu huwa wanasema tuzuie tu ghafi isitoke basi viwanda vitakuja. Jamani, sisi watu wa korosho tunajua, ghafi bado inapanda meli kwenda Vietnam na India na tulishajengewa viwanda vya kubangua toka enzi za Mwalimu, vingi vikaishia kuwa maghala. Angalia hii lithiamu yenyewe, aina hii ya chuma na fosfeti ilitoka maabara ya mwanasayansi John Goodenough kule Texas, Marekani, miaka ya 1990. Kampuni ya betri ya Kimarekani, A123, ikapewa ruzuku na serikali 2009, ikajenga viwanda, lakini wanunuzi wa kutosha hawakuwepo, 2012 ikafilisika, ikaenda kununuliwa na Wachina wa Wanxiang. China wao ruzuku waliisukuma mpaka kwa mnunuzi, Shenzhen peke yake kufika mwisho wa 2017 mabasi yote ya mji yalikuwa ya umeme, zaidi ya 16,000. Kiwanda kikizalisha kinajua nani anachukua.

Kwahiyo mi naona serikali ianzie kwenye kununua. Zahanati na shule za vijijini zinahitaji betri za sola, iseme itanunua zilizounganishwa hapa nchini kwa miaka kadhaa mfululizo, seli zije kwanza toka nje hamna shida, vijana wa vyuo vya ufundi vya VETA wajifunze kuunga, kupima na kutengeneza. Kusafisha kinywe kufuate, maana kunataka umeme usioyumba na wakemia, na gesi ya Mnazi Bay tunayo hapo Mtwara. Yule mzee kibao cha ile betri alishajua kimeungua, kakosa tu pa kununua kingine, betri yenye seli zote nne nzima ipo stoo inakula vumbi. Hilo linaniuma kuliko wiki mbili zangu.

Anayetaka kununua: piga picha kontrola yako na inveta (kile kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani) uende nazo dukani, wakusetie mbele yako kabla hujalipa. Na usiiweke juu karibu na bati, joto la huku unalijua, yangu iko chini ya meza ya kioo na hata siku moja haijapata moto.