Tahakiki: «Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri» mikononi mwa vijana

Kitabu hiki cha Kaluta Amri Abedi kilitoka mwaka 1954, mwandishi akiwa na umri wa miaka 30 hivi, kabla hajawa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam na baadaye waziri katika serikali ya Tanganyika. Nakipima hapa kwa haja moja tu: je, kinamfaa kijana wa leo anayetaka kutunga na kuwasomea wenzake?

Jibu langu ni kwamba kinamfaa sana, na ubora wake mkubwa umo katika mpangilio. Sheria zinatangulia, kisha inafuata diwani ya mwandishi mwenyewe, hivyo msomaji anaweza kuchukua kanuni ya vina (silabi za mwisho zinazofanana) au mizani (idadi ya silabi) na kuipima papo hapo katika tungo za aliyeiandika. Amri anasisitiza kwamba shairi sharti liimbike, na hapo ndipo vijana wengi wanapohitaji msaada, kwa sababu huhesabu mizani kwa macho badala ya sikio. Nimetunga mishororo hii miwili ili kulionyesha jambo hilo:

Nimeamka mapema, jua halijachomoza,
Nikamsikia mama, jikoni anajikaza.

Kila kipande kina mizani 8, lakini anayeanza huona 7 katika kipande cha kwanza, kwa kuwa «m» ya «nimeamka» haina irabu naye huiruka. Akiimba, kosa hujitokeza lenyewe. Ndiyo maana nashauri kitabu kisomwe katika kikundi, mmoja akighani na wengine wakimfuatilia kwa vidole, kisha kila mmoja atunge ubeti wa kumjibu mwenzake. Ushairi wetu umekuzwa na majibizano ya namna hiyo, yakiwemo yale ya wasomaji wa gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa mwaka 1923.

Mapungufu yapo. Hakina mazoezi, kwa hiyo mwalimu itambidi ayaandae mwenyewe. Baadhi ya maneno yatamtaka kijana awe na kamusi karibu, jambo ambalo mimi silihesabu kuwa kasoro. Linalonisumbua zaidi ni kwamba neno «sheria» linaweza kumtisha mwanagenzi hata akajaza silabi zisizo na maana ili mizani itimie, na shairi likabaki na vina vizuri pasipo la kusema. Tena kilitangulia mashairi huru, yaani yasiyofuata vina na mizani, kwa miaka mingi, kwa hiyo hakiwezi kumwandaa msomaji kwa «Kichomi» ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1974. Ningependa vitabu hivyo viwili vikae kwenye rafu moja ya maktaba ya shule, kijana aanze na cha Amri mpaka sikio lake lizoee mapigo, kisha afungue cha Kezilahabi, akijua barabara ni kanuni zipi zimeachwa.