Niliomba dola 4,000, nikapokea 3,600: tathmini ya huduma ya mfuko wa 401(k)

Mnamo Machi 2024 nilitumia huduma ya mtandaoni ya kampuni inayosimamia mfuko wa akiba ya uzeeni wa 401(k) kazini kwangu, hapa Houston, Texas, ili nitoe dola 4,000 kwa sababu ya dhiki, kwani mwenye nyumba alikuwa ameshanipa notisi ya kuhama kwa sababu ya malimbikizo ya pango, na hiyo ni miongoni mwa dharura zinazomruhusu mtu aliye bado kazini kugusa akiba yake. Kampuni sitaitaja.

Kwa upande wa kasi sina lalamiko. Kujaza ombi kulichukua dakika 20, sikutakiwa kuambatisha nyaraka kwa kuwa tangu 2023 sheria inaruhusu mfuko kukubali tamko la mfanyakazi mwenyewe, na fedha ziliingia benki siku ya nne. Zilizoingia, hata hivyo, zilikuwa dola 3,600. Kiswahili kinatumia neno lile lile, kodi, kwa chake mwenye nyumba na kwa chake serikali. Nilitoa fedha za kodi zikakatwa kodi, na pango likabaki na pengo la dola 400.

Fedha za dhiki haziruhusiwi kuhamishiwa mfuko mwingine, ndiyo maana zuio (kodi inayokatwa kabla fedha hazijakufikia) la lazima la asilimia 20, la fedha zinazoweza kuhamishwa, halizihusu. Hukatwa asilimia 10, na hata hiyo mwenye akiba anaweza kuibadili, kuanzia sifuri hadi asilimia 100, kwa kujaza fomu W-4R. Ukurasa wa ombi uliificha fomu hiyo nyuma ya kiungo kidogo mwishoni kabisa, huku asilimia 10 ikiwa imeshajazwa. Vilevile kanuni zinaruhusu kuongeza kwenye ombi kiasi cha kulipia kodi na adhabu zinazotarajiwa. Ningeomba dola 4,445, ningepata nilichohitaji. Mhudumu niliyempigia simu, kijana mwenye adabu, alilijua hilo vizuri na akanieleza bila haraka, lakini malipo yalikuwa yameshatoka, na fedha za dhiki hazirejeshwi mfukoni.

Kosa kubwa zaidi ni maneno ya stakabadhi: "Kodi imekatwa." Msomaji atadhani amemaliza, ilhali zuio ni malipo ya awali tu. Fomu 1099-R, inayoonyesha fedha ulizotoa mfukoni na kodi iliyokatwa, ilipofika Januari, hesabu ilikuwa hivi: niko katika daraja la kodi ya mapato la asilimia 12, na kwa kuwa sijafikisha umri wa miaka 59 na nusu niliongezewa adhabu ya asilimia 10, ambayo dhiki peke yake haiiondoi. Jumla ni dola 880. Zilikuwa zimekatwa 400, nikadaiwa 480 nyingine. Bahati yangu, Texas haina kodi ya mapato ya jimbo.

Naipa nyota tatu kati ya tano: mbili za kasi, moja ya yule kijana wa simu.