Kitako cha Mninga, na Fundi Aliyeniambia Tatizo ni Macho Yangu

Yeyote anayefikiria kumpa seremala wa samani kazi ya kitako cha bunduki, asome kwanza haya. Karakana siitaji, fundi simtaji, hata mtaa nauacha, maana Mwanza hii ni kubwa kwenye ramani tu. Mke wake na mke wangu wananunua dagaa kwa mama mmoja. Lakini nina hasira, na hasira ya mtu wa umri wangu ikikaa ndani inageuka presha.

Bunduki ni pointi 22 ya bolti, ile unayoikoki kwa mkono kila risasi, niliyoachiwa na marehemu baba, nikaikatia leseni kwa jina langu, safari ambayo nayo ingejaza kurasa. Kwa asiyeijua, ni ile raifo ndogo ambayo dawa ya kuwashia baruti imo ndani ya ukingo wa ganda, kwa hiyo pini inagonga pembeni badala ya katikati. Msimu wa uwindaji ukifika na kibali kikiwa mfukoni, inatafuta kanga. Siku nyingine zote kazi yake ni kutoboa karatasi. Napigia shambani, ng'ambo ya Sengerema, nikielekea kichuguu kinene kuliko nyumba yangu. Haya majabali yetu mnayoyapiga picha siyaelekei hata siku moja: risasi ikigonga jiwe hujui inarudi kwa nani. Na ukielekea ziwani inaruka juu ya maji kama kijiwe cha mtoto, inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja, na huko kuna wavuvi.

Kitako cha baba kilikuwa cha mti wa jozi, kilichokuja kutoka Ulaya pamoja na chuma chake. Kilikuwa kimepasuka shingoni, pale mkono unaposhika, na kimepinda kidogo, ubavu mmoja wa mfereji, ule mtaro unamolala mtutu, umeuegemea mtutu kama mzee anayetega sikio redioni. Juu ya hayo nilikuwa nimefunga darubini. Kitako kile kilichongwa kwa ajili ya mtu anayelenga kwa vile vyuma vya juu ya mtutu, shavu lake liko chini. Ukishaweka darubini, shavu lako halifiki, unaegemeza kidevu. Kila risasi jicho linakaa mahali pengine, na ule msalaba ndani ya kioo unacheza juu ya shabaha hata bunduki ikiwa imetulia kabisa. Nilihitaji kipya. Hilo silikatai.

Silaha yenyewe sikumpelekea fundi. Leseni ni yangu, si ya karakana. Nilifungua skrubu mbili, chuma kikabaki kabatini chini ya kufuli, nikaondoka na ubao peke yake nimeuzungushia gazeti. (Siku hizi daraja la Kigongo hadi Busisi limeninyima kisingizio. Zamani ningesema kivuko kimenichelewesha nikarudi kulala.) Nilimpa pia kipande cha bomba la chuma chenye unene sawasawa na mtutu, nilichohangaika kukitafuta mimi mwenyewe, nikamwambia: fundi, mfereji uchonge hivi kwamba bomba hili likilala ndani lisiguse popote, kuanzia hapa hadi ncha. Akasema sawa. Nikamwambia, shavu liinue kwa upana wa vidole viwili. Akasema sawa. Nikamwambia, kitako hiki cha zamani ni cha marehemu baba, nitakihitaji. Akasema sawa, mzee wangu, wewe nenda kapumzike.

Nilipumzika kwa muda ambao mahindi yalipandwa, yakapaliwa, yakaanza kubeba.

Sasa niseme kweli, maana sitaki dhambi ya kusingizia: kazi ilikuwa nzuri. Nilipokifungua kile kitambaa sikupata neno. Mninga mkavu, mbao aliyosema imekaa darini kwake miaka, rangi ya chai ya rangi iliyokolea, mistari inateremka kutoka shavuni hadi mbele bila kukatika. Nikakiweka begani, shavu likatua lenyewe, jicho likakuta darubini bila kutafuta. Laki mbili na nusu nililipa huku natabasamu. Nikamwambia "wabeja sana", asante ya Kisukuma, mara tatu.

Shambani tabasamu liliisha. Mita 50, boksi moja la risasi, kwa sababu pointi 22 inachagua risasi kama mtoto anayechagua mboga, na ukichanganya maboksi hujui unampima nani. Kitako cha baba, pamoja na ufa wake na upinde wake, wakati wa kiangazi kilikuwa kinaweka matundu matano ambayo sarafu ya shilingi mia mbili inayafunika. Kitako kipya kiliweka matundu matano ambayo kisosi cha chai hakikuyafunika. Nikisogeza kiroba cha mchanga mbele kidogo, matundu yote yanapanda. Nikikirudisha nyuma, yanashuka. Nikivuta mkanda kwa mkono wa kushoto, yanahamia kushoto. Asubuhi baada ya mvua, hadithi nyingine.

Nikarudi kwake na karatasi zangu nne nimezikunja vizuri. Alikuwa anapiga randa kitanda. Hakusimamisha randa. Alizitazama zile karatasi kama mtu anayeoneshwa cheti cha ndoa ya jirani, akasema, mbele ya vijana wake watatu na mteja mmoja mwenye kofia:

"Mzee, mbao haina kosa. Hayo ni macho."

Nikasema, fundi, mfereji unagusa mtutu.

"Mimi nimetengeneza vitanda vya waheshimiwa," akasema, "na hakuna hata mmoja aliyelala upande." Vijana wakacheka. Mwenye kofia naye akacheka, ambaye hata hakujua tunazungumzia nini.

Nimeishi mjini humu tangu wakati Makoroboi ikiwa na nafasi ya kuegesha baiskeli, na sijawahi kuambiwa hivyo na mtu ninayemzidi miaka ishirini. Niliondoka bila kuaga. Kwa hiyo: nyota sifuri. Mtu asiende.

Kisha, na hili nalisema kwa sauti ya chini, nilikwenda kupima macho. Si kwa sababu yake. Kwa sababu ya mke wangu, aliyesema kupima si kukubali. Jicho la kulia lilikuwa na kasoro. Ndogo. Nikapewa miwani. Nikarudi shambani na miwani, matundu yakabaki mapana vilevile, isipokuwa sasa nayaona vizuri zaidi. Kwa hiyo fundi alikuwa na haki kuhusu jicho na hana haki kuhusu ubao, na sijui hapo mtu anapewa nyota ngapi.

Jioni ile nikachukua noti ya elfu mbili, nikaipitisha kati ya mtutu na ubao, kuanzia nchani kurudi nyuma. Hiki ndicho kipimo cha maskini, na kinatosha. Noti ikienda bila kukwama hadi karibu na mtambo, pale risasi inapoingia, mtutu unaelea, yaani ubao hauugusi. Yangu ilifika nusu ikakwama, ubavu wa kushoto. Kushoto! Pale pale kitako cha baba kilipokuwa kinaegemea. Ndipo nikaelewa. Jamaa hakutumia bomba langu hata kidogo. Alilaza kitako cha zamani juu ya mninga, akafuata kila kitu kwa penseli, akanakili hadi upinde. Fundi hodari kiasi cha kuchonga kosa la Ulaya kwenye mti wa Tabora bila kulipunguza hata unywele.

Na kwa nini huo mguso mdogo unaleta kisosi? Mtutu ukipigwa unatetemeka kama uzi wa zeze. Ukitetemeka namna ile ile kila mara, risasi zinafuatana. Lakini ubao ukiugusa, mtetemo unabadilika kulingana na ulivyouegemeza, ulivyouvuta, na unyevu ulioingia ndani ya mti usiku. Kitako cha baba kilishakaa mkao wake kwa miaka mingi. Kiliegemea, lakini mahali pamoja na kwa nguvu moja, ndiyo maana kiangazi kilikuwa kinavumilika. Raifo kubwa zinasamehe kidogo, risasi zao zinatoka kwa mita 800 kwa sekunde na zaidi. Ya pointi 22 inatoka kwa mita kama 330 tu. Inakaa ndani ya mtutu muda mrefu zaidi baada ya pini kugonga, na mguso wowote unapata nafasi ya kusema neno lake. Wanaosema bunduki ndogo haijali kitako, waniletee za kwao na noti moja.

Nikavingirisha msasa kwenye bomba jingine, nikakwangua ubavu wa kushoto siku mbili, taratibu, hadi noti iliyokunjwa mara mbili ikapita. Pale palipokwanguliwa nikapaka mafuta, maana mti ulioachwa wazi ndani unakunywa mvua hata kama nje unang'aa vanishi. Wakati wa kurudisha skrubu nikagundua jambo jingine, na hili nalo ni la sauti ya chini: mara ya kwanza nilikuwa nimezikaza kama mtu anayefunga tairi la Fuso. Ukikaza hivyo chuma chenyewe kinapinda kufuata ubao. Safari hii nikakaza kwa bisibisi fupi, vidole viwili, zote sawa.

Jumamosi iliyofuata, mita 50: sarafu ya mia mbili inafunika na inabaki. Nikasogeza kiroba, hakuna kitu. Nikavuta mkanda, hakuna kitu. Tangu hapo mvua za masika zimepita zote, na mninga haujasogea kiasi cha kuizuia noti. Kile kitako cha jozi kisingeweza. Hii ndiyo bunduki inayopiga vizuri kuliko wakati wowote baba alipokuwa hai, na sehemu kubwa ya sifa hiyo ni ya mbao aliyochagua yule mtu na shavu alilochonga. Nyota nne. Nilikaribia kumwandikia ujumbe.

Badala ya ujumbe nikaenda mwenyewe, na kilo mbili za sato kutoka soko la Mwaloni, kumaliza mambo kiutu uzima na kuchukua kitako cha baba. Nilitaka pia kukifunga tena siku moja, nipige karatasi mbili upande kwa upande, nijue ni kiasi gani cha tofauti ni ubao na kiasi gani ni miwani yangu.

Bomba langu nililiona kwanza. Limetundikwa ukutani, wanatundikia funguo.

Kitako sikukiona. Niliuliza. Kijana akanionesha mlangoni. Kwenye waya, pale wateja wanapochagua rangi ya makabati, vimening'inia vipande vitano vya mbao vilivyopakwa vanishi tano tofauti, kila kimoja na namba ya penseli nyuma. Mti wa jozi. Nilivitambua kwa ule ufa. Kipande namba tatu kilikuwa nao.

Fundi alitoka ndani. Nadhani aliniona uso, kwa sababu safari hii randa aliiweka chini. Akasema, "Mzee wangu, si kilikuwa kimepasuka?" Kwa upole kabisa. Angenitukana ingekuwa nafuu. Kisha akakata waya, akanipa namba nne. "Chukua tu, mzee. Bure."

Samaki nilimwachia, sijui kwa nini. Nyota ondoeni zote. Au acheni moja ya shavu. Fanyeni mnavyotaka, mimi nimechoka kuhesabu.

Namba nne ndiyo sehemu ya shavu. Pale ambapo uso wa baba ulikuwa unakaa palikuwa na weusi unaong'aa, wa jasho la miaka thelathini, na sasa pana vanishi ya mahogani, makoti mawili. Kiko hapa mezani. Nimeanza kukikwangua kwa kigae cha chupa. Koti la kwanza limetoka.