Mtoni, Kidichi mpaka Mangapwani kwa baiskeli: njia tamu, baiskeli ya kukodi ndio kasheshe

Nianze na baiskeli maana ndio iliyonipandisha presha asubuhi asubuhi. Mimi mtu wa Tanga, hapa Unguja kazi ndio imenileta, huu mwaka wa tatu, na baiskeli yangu nilimwachia mdogo wangu nyumbani. Basi ikabidi nikodi. Nikaenda duka moja la Mji Mkongwe (jina naliacha, wana watoto wa kulisha), jamaa akaanza kunitajia bei kwa dola, nikamwambia kaka mimi nakaa Mwanakwerekwe hapo, tukacheka wote wawili, dola zikageuka shilingi na bei ikashuka karibu nusu. Sawa. Ila hiyo baiskeli sasa! Imeandikwa gia 21, zinazoshika nne. Breki ya mbele kali, ya nyuma mpaka uibembeleze. Nikaomba pampu na spana akaniangalia kama nimeomba injini, akasema "kaka hizo tairi mpya". Kumbukeni hayo maneno, tutayarudia.

Ushauri wangu kwa duka lolote lile: ichukue jioni ya jana yake, zunguka nayo Forodhani kidogo, jaribu breki na gia, ukiona haieleweki rudisha kabla hujalala. Asubuhi hutapata muda wa kubishana, na asubuhi ndio kila kitu kwenye hii njia.

Kwa sababu gani? Kwa sababu kutoka mjini mpaka Bububu, kama kilomita kumi, ni barabara kuu, na ikishafika saa mbili daladala za 502, zile za Bububu, zinashindana kama zimeibiwa, zinasimama popote anapopungwa mkono mtu, na wewe wa baiskeli ndio unabanwa ukingoni. Mimi niliondoka saa kumi na mbili, watu wanatoka msikitini, barabara tupu, bahari iko kushoto kwako imetulia, harufu ya mikate tu. Hicho kipande ukikipita kabla ya jua kuwaka nakipa alama nzuri, ukikipita saa tatu usije kunilaumu.

Na sio kipande cha kupita tu. Maruhubi iko hapo hapo, kama kilomita nne, magofu ya kasri la Sultani Seyyid Barghash lililoungua 1899, zimebaki zile nguzo nene zimejipanga kama watu wanasubiri foleni na hakuna kinachohudumiwa. Nilikaa dakika kumi nikasonga. Mtoni nilikaa zaidi. Pale ndipo alipokuwa anakaa Sultani Seyyid Said mwenyewe, na ndipo alipozaliwa Bibi Salme, 1844, yule binti yake aliyekuja kukimbilia Ujerumani kwa sababu ya mapenzi na akaandika maisha yake. Ukisimama pale asubuhi, hakuna kelele, mawimbi yanagonga ukuta, unaelewa kwa nini mzee yule alipapenda huku kuliko mjini.

Halafu Bububu. Watu watakwambia jina limetokana na mlio wa treni, bu-bu-bu, ile reli iliyojengwa na Wamarekani 1905 kutoka Ngome Kongwe mpaka hapa, maili saba. Stori nzuri, na mimi niliiamini miaka yote, ila haikubali hesabu, maana Bibi Salme anapataja Bububu kwenye kumbukumbu zake zilizotoka 1886, treni haijaota hata ndotoni. Wengine wanasema ni chemchemi inavyobubujika. Mimi nipo na chemchemi.

Pale Bububu unakata kulia, na hapo ndio safari inaanza kwa ukweli. Kila nilichosema juu ni utangulizi. Ukishaiacha barabara kuu kelele inakatika ghafla kama mtu kazima redio, njia inaanza kupanda pole pole kuelekea Kidichi, minazi huku, mikarafuu kule, mifenesi imebeba mpaka unaionea huruma, na vijumba vya udongo vina baraza mbele na mzee amekaa anachambua kitu kwenye ungo. Usidhani ni mlima wa kutisha, Unguja nzima haina mlima, kilele chake ni huko huko Masingini na hakizidi sana mita mia na ishirini. Lakini kwa gia nne, ndugu yangu, nilishuka nikasukuma mara mbili na sioni aibu kusema. Watoto wa madrasa walinisindikiza kwa vicheko.

Nikapotea pia. Nikamwona mzee na ng'ombe wake, nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza, "Unakwenda wapi mwanangu?" Nikamwambia Kidichi kwenye hamamu mzee wangu. "Kidichi! Mbona ushaipita, rudi nyuma hapo kwenye mfenesi mkubwa." Mifenesi mikubwa ilikuwa kama kumi na tano. Nikapata tu, mbele ya tatu.

Hamamu ya Kidichi, yaani bafu la kizamani, ndio kitu nilichokipenda kuliko vyote, na nashangaa wengi wanaokuja na gari za utalii wa viungo wanakaa robo saa wanaondoka. Seyyid Said aliijenga 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, mjukuu wa Shah, ili wakija shamba wapate pa kuoga kama kwao. Nje unaona kuba nyeupe tu, kibanda, ukipita haraka utadhani tangi la maji. Ingia ndani sasa uinue kichwa, plasta imechongwa maua na ndege, ndege kabisa, kwenye nchi ambayo mafundi wake walikuwa hawachongi kiumbe chenye roho. Unaona kabisa bibi alikuja na mambo yake. Plasta imeota ukungu sehemu nyingi na unyevu unaila, inauma kuiangalia, sijui nani wa kuambiwa. Kuna kiingilio, mwenyeji analipa kidogo, chukua noti ndogo ndogo maana chenji ni hadithi.

Kizimbani iko mbele kidogo na barabara yake ndio namba moja kwangu kwa utulivu. Hapa ndipo karafuu ya Unguja ilipoanza kupandwa kwa shamba kubwa, shamba la Saleh bin Haramil, mpaka Seyyid Said akamnyang'anya. Na hii miti unayoiona usidhani ni ile ya zamani, kimbunga cha 1872 kilifyeka karibu mikarafuu yote ya Unguja, ndio maana ukisikia karafuu leo unasikia Pemba. Na lazima niliseme hili pia kwa sababu ukiendesha pole pole chini ya kivuli kile kizuri unasahau: waliopanda hayo mashamba hawakulipwa. Ni watumwa. Upepo mzuri, kivuli kizuri, na ndio ukweli wake. Siku hizi kuna chuo cha kilimo, wanafunzi wanakupungia.

Ni hapo Kizimbani tairi mpya ikapasuka, tena ya nyuma. Pshhh. Sina pampu, sina kiraka, simu ya duka inaita haipokelewi. Nikasukuma kama dakika ishirini mpaka chini ya mwembe nikamkuta fundi baiskeli, kijana, ana beseni la maji, msasa, solusheni na kipande cha tyubu kuukuu, ofisi yake yote ni hiyo. Akaitoa ile tyubu akacheka. Ilikuwa na viraka vitano. Akanionyesha kimoja kimoja kama daktari anavyokuonyesha picha ya mapafu. Tairi mpya nje, ndani bibi kizee. Akabandika cha sita, akanikazia na breki ya nyuma bila kuombwa, akaniambia nitoe ninachotaka, nikatoa, akarudisha nusu akasema nyingi hiyo. Huyu fundi nampa nyota tano na kama ningeweza ningempa na lile duka.

Kurudi Bububu ni mteremko, miguu juu, raha mtupu. Halafu unashika kaskazini mpaka Chuini, njia inapogawanyika unafuata ya kushoto ya Bumbwini, na utulivu unarudi tena. Minazi, mihogo, mashamba ya ndizi, udongo mwekundu. Lami ina viraka kama tyubu yangu lakini magari machache. Nilikula mhogo wa kukaanga na dafu mbili njiani, mama muuzaji akanilazimisha nikae kivulini kwanza, "jua hili litakuua baba", na alikuwa na haki, ilishafika saa sita kasoro na nilikuwa naona nyotanyota.

Mangapwani kuna vitu viwili, visichanganywe kama wanavyochanganya watu wengi. Kuna pango la asili, la mawe ya matumbawe, ndani lina maji baridi matamu, wanasema aliligundua mtoto mtumwa aliyekuwa anamtafuta mbuzi wake. Zuri, linapoza. Na kilomita kama mbili kutoka hapo kuna chumba cha watumwa, hicho kimechimbwa na mtu kwa makusudi, kwenye miaka ya 1880 hivi, baada ya mkataba wa 1873 kupiga marufuku biashara yenyewe, watu wakawa wanafichwa chini ya ardhi wakisubiri jahazi la usiku. Unashuka ngazi, giza, dari iko karibu na kichwa chako. Mimi nilikaa dakika mbili nikatoka juu. Sitapapa nyota pale, sio mahali pa nyota.

Mambo madogo kwa anayetaka kwenda. Upepo uuangalie, sio mvua tu. Wakati wa kaskazi, Disemba mpaka Machi hivi, unakwenda Mangapwani upepo unakupiga usoni na unarudi unasukumwa, wakati wa kusi ni kinyume, unakwenda kama mfalme na unarudi unalia. Masika usijaribu njia za ndani, ule udongo mwekundu unajaza rimu mpaka tairi haizunguki. Na mavazi jamani, hivi ni vijiji vya watu, ile kaptura ya kubana ya mashindano iache nyumbani, vaa suruali au kaptura ndefu ya kushuka magotini, utaona salamu zinavyobadilika. Ramadhani beba maji yako lakini usiyanywe hadharani.

Kuna wanaosifia njia ya kusini, ile ya miembe ya Bi Khole kule Bungi, binti wa Seyyid Said pia huyo, dada yake Salme. Miembe ni ya ajabu kweli, imepanga foleni pande mbili, kivuli cha kutosha. Lakini ni barabara kuu ya kusini, magari ya watalii yanakwenda Jozani kwa spidi, sasa uzuri wa kuangalia kwa jicho moja huku jingine liko nyuma mimi siutaki. Nenda na gari.

Kwa kwenda tu nilipiga kama kilomita 40 ukijumlisha kupotea. Kurudi sikuweza, nisiwadanganye. Nikasimamisha gari la shamba, baiskeli ikapandishwa juu pamoja na magunia ya mihogo na kuku wawili, konda akanitoza nauli ya baiskeli kubwa kuliko yangu mimi, nikamuuliza kwa nini, akasema wewe umebanana na wenzako, yeye kalala.

Dukani nikamweleza jamaa habari ya pancha na vile viraka vitano, nataka angalau anipunguzie kitu. Akaigeuza baiskeli juu chini, akakitafuta kile kiraka cha sita, akakipapasa kwa kidole gumba, akaniuliza, "Hiki kabandika nani? Huyu fundi yuko wapi?"