Mgahawa wa Kipunjabi karibu na Makoroboi, nendeni

Jamani kama uko Mwanza na hujala hapa, nenda. Dengu nzito, roti zinatoka moto moto, nyama hawapiki kabisa, bei ya kawaida, ila mchana jipange kusubiri maana mhudumu ni mmoja tu.

Mi kilichonishika ni picha za ukutani. Mwenye mgahawa ni mzee wa Kikalasinga, ukimwambia shikamoo mzee, yule mwenye panga mbili ni nani, anakuja kabisa mezani. Ndo Guru Hargobind, Guru maana yake kiongozi mkuu wa dini ya Makalasinga, baba yake Guru Arjan aliuawa Lahore 1606 chini ya mfalme Jahangir wa dola ya Mughal kule India, dogo ana kama miaka 11 akavaa panga mbili, moja ya mambo ya roho nyingine ya mamlaka ya dunia, akaanza kukusanya wapiganaji. Pembeni yupo Guru Gobind Singh, aliyeanzisha Khalsa, jumuiya ya waumini wapiganaji wa Kikalasinga, 1699 kule Anandpur, naye baba yake alikatwa kichwa Delhi 1675.

Halafu Bhai Maharaj Singh, huyu wengi hatumjui kabisa, mtu wa dini aliyepigana na Waingereza Punjab mpaka wakamkamata 1849, wakampeleka kifungoni Singapore akafia huko 1856. Waliomfuata Kinjekitile kwenye vita vya Maji Maji 1905 wangemwelewa vizuri sana, maana hata kwao imani na silaha vilienda pamoja. Picha yake ndogo mno na iko mlango wa jikoni, mzee wangu tunaomba uilete mbele watu waione.

Chai ya maziwa usiache.