Midomo Yangu Wiki ya Tatu: Nusu Mililita, Basi

Haya jamani, habari za huko mliko, mimi niko hapa Shangani, Mtwara, na leo taa ya pete siwashi kabisa. Ile inadanganya. Nimekaa dirishani. Sogea. Sogea tena. Mmeona? Wengi hamjaona kitu, na hicho ndicho nilicholipia.

Fila yenyewe, yaani ile jeli inayodungwa kwa sindano kujaza mdomo, ni Restylane Kysse, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020 kwa ajili ya midomo. Kwamba ni asidi ya hayaluroniki na ina ganzi ndani yake mnajua, tusimaliziane bando. Mie nataka muone jambo moja tu: inacheza. Tazama nikisema "mama". "Mbu." "Mpumbavu", samahani. Mdomo wa juu unakunjika, unarudi. Sasa nanywa dafu kwa mrija… ona, vile vikunjo vidogo bado vipo. Nageuka upande: hapa juu ya mstari wa mdomo pamebaki bapa, hakuna kale katuta kama masharubu. Kanatokea fila ikimiminwa nyingi, ikakosa pa kukaa, ikapanda. Na mdomo wa chini bado umeuzidi wa juu kidogo, vile nilivyozaliwa. Ngoja, tena: "mbu". Naweza kufanya hivi mpaka magharibi.

Siku ya pili nilikuwa kituko, nimevimba kama nimeumwa na nyuki, sokoni nikaenda na barakoa. Usiihukumu kabla ya wiki mbili. Ndiyo maana nilikataa kuongezewa siku ileile.

Kinachoniudhi: sindano moja ina mililita nzima. Nimelipia yote, nimetumia nusu, iliyobaki ikatupwa, maana ikishafunguliwa ni ya mtu mmoja, mara moja. Weka na nauli ya basi kwenda Dar na kurudi, hapo ni kodi yangu ya miezi mitatu. Na mwakani itakuwa imeshayeyuka yenyewe!

Bibi yangu ni Mmakonde wa Newala, mama yake alivaa ndonya, kile kipande cha mti cha kwenye mdomo wa juu. Alinishika kidevu, akanigeuza huku na huku, akasema, "Mama yangu alitoboa mdomo aonekane. Wewe umelipa usionekane?" Sikuwa na jibu, nikaendelea kubangua korosho.

Ah, na nyie mnaonitumia picha za ile kalamu isiyo na sindano, inayosukuma fila kwa presha, mtu anajifanyia chumbani: hapana. FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ilishaonya tangu Oktoba 2021. Fila ikiziba mshipa wa damu, ngozi inapauka, inauma, inaweza kufa, na huko chumbani nani anayo hayaluronidasi ya kuiyeyusha? Popote utakapokwenda uliza hivyo kwanza: dawa ya kuyeyusha ipo humu ndani, leo? Sehemu ya kwanza niliyouliza walicheka. Nikachukua mkoba wangu.

Video ya losheni za jua ni Jumamosi, mtandao ukikubali. Gonga kengele. Na dada wa Lindi aliyeandika eti ile nusu iliyobaki ningemtunzia kwenye friji… dada!