PPF, ile filamu ya plastiki ya kulinda rangi, imezeeka kwa gari yako ya spoti? Nini ununue kwanza na nini uache, kwa watu wa Nakuru na Kisumu

Kama uko na Subaru GDB (ile Impreza STI), Evo, RX-8, Fairlady ama Boxster ya miaka ya 2000 na ile PPF ya mbele imegeuka manjano, kingo zimeshika uchafu mweusi na juu kumejaa nyufa ndogo ndogo, basi wakati wake umeisha na hakuna polishi itairudisha. Sasa watu wengi hapo wanakimbilia kuuliza brandi gani na ni pesa ngapi, na bado hawajajua rangi iko chini ya hiyo plastiki iko hali gani. Mimi msimamo wangu ni huu: kitu cha kwanza unalipia ni fundi mzuri wa kutoa ile ya zamani. Filamu mpya inafuata, na hata ni filamu gani utaweka itategemea ni nini kimebaki baada ya kutoa.

Na uchukulie hii kazi kwa uzito juu hizi gari hazirudi. Kenya hairuhusu kuingiza gari imepita miaka 8, kwa hivyo GDB safi zenye ziko nchini ndio hizo hizo, ukiharibu rangi yake ya kiwanda huwezi agiza ingine Japan.

Anza na kipima unene wa rangi. Fundi akikuambia hana na hahitaji, shukuru na uende kwa mwingine. Rangi ya kiwanda kwa gari za Japan mara nyingi inasoma kati ya maikroni 90 na 150. Ukiona imepita 200 hapo kuna spre juu ya spre, na ikifika 1,000 na kuendelea chini kuna pati, hiyo ilishagongwa. Lakini chunga, PPF yenyewe ni maikroni 150 hadi 200, ukipima juu yake utaona namba kubwa na ushtuke bure, kwa hivyo pima mahali filamu haikufika, kama ukingo wa boneti ama paneli yenye haikuwekwa. Kitu kingine, boneti ya STI, ya Evo na ya RX-8 ni alumini, na vile vipima vya bei ya chini vinasoma chuma pekee, hapo vitanyamaza tu. Bampa nayo ni plastiki, hivyo vipima vya kawaida haviisomi kabisa, hapo angalia kwa macho, angalia kama rangi imeingia kwa mpira ama kwa taa, uliza mwenye alikuuzia. Na bampa ndio ya kuogopa zaidi kwa gari yote juu ndio hupigwa spre mara nyingi na ndio PPF hukaa, ukivuta filamu imeshika vizuri juu ya spre haikushika vizuri, unajua nani atashinda.

Kutoa kwenyewe ni joto na subira. Gari ipate jua la saa sita kwanza, alafu fundi anaongeza mvuke ama hitgani ya mbali mbali, paneli iwe moto wa kugusa na mkono bila kuungua, anavuta pole pole, filamu ikirudi nyuma karibu ilale juu ya paneli, haivutwi kwenda juu. Zile za zamani sana, za kabla filamu za kujiponya (mikwaruzo midogo inapotea zikipata joto) zienee miaka ya 2010, haziji karatasi nzima, zinatoka vipande kama ukucha, na hapo mvuke ni bora kuliko hitgani juu hitgani inaweza choma mahali pamoja kabla hujajua. Gundi ikibaki inatolewa na dawa ya gundi ya magari ama spiriti ile safi ya aisopropili, na kikwangua cha plastiki. Ukiona mtu anakuja na wembe na mkebe wa thina, simamisha hiyo kazi hapo hapo. Thina kwa paneli imepigwa spre inakula kliya, lile tabaka la juu linalong'aa, na hakuna kurudi.

Sasa tuingie kwa mpangilio wa chaguo zako, kutoka bora hadi ile ya kuacha.

Namba moja, na kwa watu wengi wa huku mngeishia hapa tu: toa yote, alafu weka TPU (plastiki ya kunyumbulika ya PPF za kisasa) mpya mbele peke yake. Mbele namaanisha bampa, boneti nzima, fenda zote mbili, saidi mira, taa, na hapo chini uongeze sketi na ile sehemu iko mbele ya tairi za nyuma. Hiyo ya mwisho watu husahau na ndio tairi za mbele zinatupia mawe, hata Porsche 911 nyingi hutoka kiwandani na kipande cha filamu hapo. Kwa nini mbele tu? Angalia barabara zetu. Kutoka Nakuru kwenda Gilgil na Naivasha unafuatana na malori, na sasa upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit unaleta kokoto na tipa zisizofunikwa. Upande wa Kisumu ukipitia Awasi, Chemelil na Muhoroni kuna trekta za miwa zinatoka shamba na matope ya murram kwa tairi, zikifika lami zinayaacha hapo, yakikauka gari ya mbele yako inakurushia. Haya mawe yote yanapiga uso wa gari, paa na buti haziguswi. Boneti weka nzima, usikubali ile ya nusu, juu ule mstari katikati unashika vumbi la Nakuru na baada ya miaka michache rangi chini ya filamu na ile imekaa nje hazifanani, hasa kwa ile bluu ya Subaru 02C ama nyeupe.

Taa usiziache nje. Zile za miaka ya 2000 ni plastiki ya polikaboneti na jua letu linazifanya manjano, Nakuru iko juu karibu mita 1,850, miale ni mikali hata siku ya baridi. Zisafishwe kwanza na msasa laini na polishi, ndio filamu iende juu. Ukifunika manjano umeyahifadhi.

Kwa bei, kuna hesabu moja itakusaidia kujua kama unadanganywa. Roli la kawaida ni upana wa mita 1.52 na urefu wa mita 15, na gari ndogo ya spoti mwili mzima inakula karibu roli lote, mbele peke yake ni kipande tu cha hiyo. Kwa hivyo mtu akikupea bei ya mbele inakaribia ya gari nzima, muulize mita ngapi. Omba kwotesheni igawanywe: kutoa, kusafisha gundi, kubafu rangi (kuing'arisha na mashine), filamu yenyewe, kuweka. Yule anakuambia kutoa ni bure, fikiria atatumia muda gani kwa kitu halipwi.

Brandi? XPEL, 3M, SunTek, LLumar, zote ziko na TPU nzuri, na zile daraja la juu zinakuja na waranti ya miaka 10 na hata zaidi. SunTek na LLumar hata ni za kampuni moja, Eastman ya Marekani, usigombane na mtu juu ya hizo mbili. Muhimu ni uone boksi na namba ya roli kabla ikatwe, upige picha, iandikwe kwa risiti. Alafu omba kipande cha kubaki ujaribu mwenyewe. Kivute, TPU inanyooka na kurudi, PVC, ile plastiki ya bei ya chini, inabaki imevutika. Kikwaruze na brashi ya waya, mwaga maji moto, mikwaruzo midogo inafaa ipotee ukiangalia. Isipopotea, umepewa kitu kingine.

Namba mbili ni kubadilisha tu paneli zimekufa, mfano bampa na boneti, na kuacha fenda ikiwa filamu yake bado ni safi na kingo hazijainuka. Inaokoa pesa na rangi haisumbuliwi bure. Kwa gari nyeusi ama ya kijivu hutaona tofauti, kwa nyeupe utaona ya zamani iko na umanjano ukilinganisha, hapo fikiria kurudi namba moja.

Namba tatu, toa, bafu kidogo, weka seramiki na uache bila filamu. Hii ni ya gari inatoka Jumapili tu, ama ile kipima kimeonyesha rangi ni nyembamba ama spre haijashika, maana hutaki gundi nyingine ivute hapo miaka ijayo. Mjue tu seramiki ni utando wa maikroni chache, inasaidia kuosha, inasaidia kinyesi cha ndege na wale sami wa Kisumu, wadudu wadogo wa ziwa, wanaokauka kwa boneti, lakini jiwe halisimamishi. Mtu akikuuzia seramiki badala ya PPF kwa ajili ya mawe, amekuuzia kitu hakipo.

Namba nne ni kupiga spre paneli iliyoharibika alafu PPF juu. Wakati mwingine hakuna njia ingine, kliya ikishang'oka imeng'oka. Shida ni haraka. Spre ya gereji zetu nyingi haichomwi kwa oveni, inakauka kwa hewa na inaendelea kutoa mvuke wa thina siku nyingi, ukiifunika mapema unapata mapovu na filamu ikitolewa baadaye inakuja na rangi. Ngoja mwezi mzima ama zaidi, hata kama fundi anasema imekauka.

Gari nzima naiweka namba tano. Ni nzuri, sikatai, kama rangi yote ni ya kiwanda na pesa iko. Lakini kwa gari ya miaka 20, hiyo tofauti ya pesa ningeipeleka kwa buchi, breki na tairi.

Vainali ya kubadilisha rangi iko chini zaidi, ni nyembamba na ni PVC, jiwe la tipa linapita. Na ya mwisho kabisa ni ile "PPF" ya bei ya kutupa ya mtandaoni, mara nyingi ni PVC ama ile mchanganyiko wanaita TPH. Inakauka, inageuka manjano, na kuitoa itakugharimu kuliko ulivyoinunua. Usiweke kwa rangi ya kiwanda hata kwa bure.

Kuhusu mahali pa kufanyia. Usitolewe filamu Nakuru alafu uendeshe kilomita karibu 160 hadi Nairobi kuwekewa mpya, hapo katikati gari iko uchi mbele ya malori. Kutoa na kuweka vifanyike chini ya paa moja. Ikiwa ni hapa kwetu, angalia chumba: kimefungwa, sakafu imelowanishwa, hakuna mtu anapiga msasa pembeni. Uliza maji pia, juu PPF inawekwa na maji na maji ya visima ya Nakuru yako na madini mengi, yanaweza acha madoa chini ya filamu, fundi anayejua anatumia ya kuchujwa. Ikiwa ni Nairobi, acha gari huko siku mbili zaidi ndio kingo zishike kabla ya safari ya Kisumu, na wiki ya kwanza usioshe. Vijipovu vidogo vya maji vitaisha vyenyewe wiki kadhaa, usivitoboe. Watu wa kuosha gari waambie mashine ya preshia ikae mbali na kingo, angalau sentimita 30, na usimame hapo uone.